Mtu Niliyemtoa Jiweni

Ujuaji umeniponza, jamani. Mimi nachonga mawe ya makaburi hapa mtaani Rosettenville. Juzi Mama Nduta, Mkenya wa mtaa wa kitajiri wa Sandton, aliniita nimwoshee nakala ya sanamu ya Kitaliano bustanini kwake. Nikakuta kifua kimekamilika, lakini miguu bado imezama jiweni. Nikamlaani fundi mvivu aliyemdhulumu mama wa watu, nikawasha grainda ya kukatia mawe, nikaichonga miguu mpaka ikatoka jiweni.

Wageni wakafika. Mama akawaeleza, akiwa ameipa sanamu mgongo: “Wataliano wa zamani waliamini mtu yumo tayari ndani ya jiwe, mchongaji humfungua tu. Ndiyo maana huyu bado anahangaika kutoka.”

Wageni wakanyoosha vidole nyuma yake. Mama akageuka, akaitazama miguu, akanitazama nilivyojaa vumbi. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia:

“Kumbe ametoka. Fundi, mletee kiti, amehangaika sana.”