Alama Niliyokwaruza Kwenye Picha ya Kifua cha Baba

Hii nimeificha miaka mingi, na hata leo nikipita karibu na ile hospitali mjini Nyeri huwa natazama upande ule mwingine wa barabara, kwa hivyo mkicheka, chekeni polepole.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati picha ya eksrei bado ilikuwa plastiki nyeusi unabeba kwapani ndani ya bahasha ya kaki. Baba alikuwa amemaliza dawa za kifua, vidonge vya miezi mingi, na picha aliyopigwa Nanyuki ndiyo ingeonyesha kama amepona au anaanza upya. Kazi yangu ilikuwa kumfikisha yeye na picha yake kwa daktari wa Nyeri, basi.

Sasa, mimi ni mtu wa kushuku (bwanangu husema nilipozaliwa nilianza kwa kumkagua mkunga). Nilikuwa nimesikia ati picha iliyopigwa hospitali nyingine ikifika pale, karani anaichukua, anabandika namba yao juu ya jina lako, anaitia kwa bahasha yao na inaingia stoo na zingine. Nikajiuliza, na kama kuna mtu anatafuta kazi na kifua chake ni kibovu, si atampata karani wasikizane, apewe picha safi ya baba yangu? Kwetu Tetu mitungi ya maziwa yote inafanana, na kila mtu hukwaruza alama yake ili jirani asijifanye amekosea. Yangu ni duara ndogo. Basi asubuhi hiyo nikachukua pini nikakwaruza duara yangu kwenye picha, nikaijaza ndani vizuri, tena si pembeni (pembe inaweza kukatwa) bali upande wa kushoto, mahali peusi kabisa. Nilijiona mjanja sana.

Karani alikuwa mzee mpole wa miwani. "Mama, wacha bahasha hapa, tuingize kwa rekodi yetu."

"Na nitajuaje ni yake mtatoa?"

"Hatubadilishi picha za watu, mama."

"Kila mtu husema hivyo," nikamwambia, nikabaki nikichungulia mpaka akafunga kidirisha chake. Mtu hana la kuficha, anafunga dirisha ya nini?

Tulipoitwa, daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, alitundika picha kwenye taa. Nikatafuta duara yangu upande wa kushoto. Hakuna kitu, ni weusi tu. Damu ikanipanda. Nikasimama, mlango ukiwa wazi na foleni yote ikisikia, nikasema hiyo si picha ya baba, karani ameiuza, na aitwe sasa hivi. Akaitwa. Akaja na kitabu chake cha kuandikia, akaonyesha jina na namba, nami nikaapa kwa Mungu kwamba ni mwizi.

"Mama, kaa chini," daktari akasema. "Kuna jambo kubwa kuliko hilo." Akaweka kalamu upande wa kulia wa picha. "Hapa kuna kitu. Kwa picha ya kabla ya dawa hakikuwepo. Mzee itabidi aende Nairobi, na wanaweza kumfungua kifua."

Baba akavua kofia akaiweka magotini. Akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Wangui, ile ng'ombe isiuzwe. Mama yako atahitaji maziwa."

Ndipo nikatazama pale kwenye kalamu. Duara ndogo, imejazwa vizuri. Picha ilikuwa imegeuzwa, kushoto ikawa kulia.

Na mimi nikanyamaza. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, si kukwaruza. Karani alikuwa bado amesimama pale, foleni imejaa mlangoni, na nilihesabu kwanza heshima yangu huku baba yangu ameketi akigawa mali. Halafu nikaona anapapasa mfuko akitafuta leso, na maneno yakanitoka. "Daktari, ni mimi. Nilikwaruza na pini. Ni alama ya mtungi."

Daktari akaishusha picha, akaiinamisha kwa mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha. Karani ndiye alianza kucheka, foleni ikamfuata, na sikuwa na pa kuweka uso. Daktari hakucheka. Alimpeleka baba apigwe picha nyingine, na tukangoja mpaka mchana kabla ya kuambiwa kifua ni safi, amepona. Nilimwomba karani msamaha. Akasema, "Sawa, mama," kisha akaandika kitu kirefu kwa kitabu chake (sijui mpaka leo aliandika nini, na nina wasiwasi).

Tangu hapo nikaapa kwamba nikipeleka kitu kwa wenye kazi yao nitakiacha kama kilivyo, hata roho ikiniwasha.

Lakini baba hakuamini kiapo hicho. Daktari alimwandikia barua ya kusema amepona, na kwa sababu mvua ilikuwa imeanza nikamwambia aitie kwa mkoba wangu.

"Wacha tu," akasema, "utaitia alama." Akaisukuma ndani ya shati, akafunga vifungo vyote. Aliishi miaka mingi baada ya siku hiyo, na sikuwahi kuonyeshwa hiyo barua.