Mikono ya Chukudu

Pale mjini Sake, kwa mama wa chai, nilikaa karibu na bingwa wa zamani wa ndondi aliyekuwa akimsubiri mwanawe aje mazoezini, glavu mapajani. Mwana akapita na pikipiki, akapiga honi, hakusimama.

"Papa, ule mutoto hatapigana," mama wa chai akasema.

"Mikono yangu, chukudu njo ilinipa. Nilisukuma ile baiskeli ya mbao na viazi toka Ngungu, kule mulimani. Yeye nilimukatalia asiteseke. Nilimununulia moto, ile pikipiki."

"Basi njo wewe ulimushinda."

Wazazi tuko hivyo: tunawaondolea watoto mlima, halafu tunawadai mapaja ya kuupandia.

Bingwa akanigeukia, akatazama kitambi changu cha msafiri, kilichozunguka dunia kwa kukaa. Akanivisha glavu. Akafunga kamba polepole, kama mtu asiyetaka kumaliza.