Gari la Kinyumenyume la Fundi Pindo

Mume wangu ni fundi cherehani, na kwenye cherehani simpingi. Mtaa mzima unamwita Fundi Pindo, kwa sababu suruali akiikunja yeye, hata mwenyewe haoni ilipokunjwa. Balaa ni kwamba amejiaminisha kuwa gari nalo ni nguo, ila ya bati.

Gari lenyewe ni kuukuu, na tangu liingie uani kwetu sina pa kuanika. Gereji haendi, anasema mafundi wa gereji hawana subira. Mkanda wa feni ulipokatika, alishona mwingine kwa lastiki ya viuno vya suruali. Ulizunguka kidogo, ukafyatuka, ukamchapa shavuni. Mlango wa nyuma ulipogoma kufunga, aliutia kitambaa kizito na vifungo vya koti, hivyo abiria akitaka kushuka sharti afungue kifungo kimoja kimoja. Viti alivishona upya vizuri mno, hilo sikatai, lakini viti haviendeshi gari.

Nikachoka. Mama yangu alipofanyiwa upasuaji wa jicho akaja kukaa kwetu, nilimpa mume wangu neno la mwisho. Jumatatu mama anarudi kliniki kufunguliwa bandeji. Gari likimpeleka na kumrudisha, libaki. Likishindwa, mnunuzi wa vyuma chakavu atalichukua jioni hiyohiyo, nimeshamwita. Alikwenda kumwahidi mama kwamba atampeleka yeye mwenyewe, huku akizungumza na sakafu kama kawaida yake. Anamheshimu mkwewe kiasi kwamba tangu anioe hajawahi kumtazama usoni.

Tatizo lilikuwa gia. Jumapili alifungua vyuma vinavyounganisha mkono wa gia na giaboksi, akavipaka mafuta ya cherehani, akavirudisha. Akawasha, likaunguruma vizuri hata nikaanza kuiaga kamba yangu ya nguo. Akaingiza gia ya kwanza. Gari likarudi nyuma likakanyaga beseni langu la bati. Akaingiza ya pili, likazidi kurudi nyuma. Nyingine zote hazikuingia.

Nilimuuliza alivifunga vipi vile vyuma. Akanijibu bila haya kwamba alivifunga kwa ndani, kwani nguo yoyote hushonwa kwa ndani kisha ikageuzwa. Nikamuuliza hii yetu tutaigeuzaje. Akalizunguka gari, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akakiri kwamba hapo hakuwa amefika.

Asubuhi nilitaka kukodi teksi. Mama akakataa katakata, mkwe wake ameahidi. Akaketi nyuma, mimi nikaketi mbele, tukatoka getini tumetanguliza matako. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Anayerudi nyuma lazima ageuke atazame kioo cha nyuma, na mbele ya kioo hicho alikuwa mama. Mume wangu alijaribu kutumia kile kioo kidogo cha juu, nusura tuibebe meza ya muuza viazi. Ikambidi ageuke, jasho linamtiririka.

"Baba, mbona unanikodolea macho?" mama akasema. "Angalia barabara."

"Ndiyo ninayoiangalia, mama. Naomba uinamishe kichwa kidogo, kuna kona."

Basi wakaongea njia nzima, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mimi nilikuwa nimetazamana na dereva wa lori lililotufuata. Alinipungia mkono, nami kwa kukosa la kufanya nikampungia. Nilitamani ardhi ipasuke. Kliniki, mlinzi alimpongeza mume wangu kwamba hajaona mtu anayeegesha gari vizuri namna ile.

Wakati wa kurudi bandeji ilikuwa imetoka. Mume wangu akageuka tena, na mama akamtazama kwa jicho lake jipya, taratibu, paji la uso hadi kidevu. Maskini hakuwa na pa kuficha macho, maana barabara ilikuwa palepale nyuma ya mama.

"Kumbe una mvi, mwanangu," mama akasema. "Na umekonda. Wanakulisha kweli?"

Iliniuma, maana mpishi ni mimi.

Mnunuzi wa vyuma tulimkuta getini, ameegemea mkokoteni wake. Nikashikilia kwamba kwenda kinyumenyume si kwenda, na gari liondoke. Mume wangu alishika usukani kwa mikono miwili, na nilimwonea huruma hata nikajichukia. Mama alikuwa bado anafungua vifungo vya mlango. Alipomaliza akashuka, akamwendea mnunuzi, akamwambia gari haliuzwi, mwezi ujao ana kliniki nyingine.

Mume wangu akaruka nje kwa furaha, akimshukuru huku akitazama chini, akiapa kwamba kufikia siku hiyo atakuwa ameshafungua gia zote na kuziweka sawa.

"Usiliguse," mama akasema.

"Hata gia, mama?"

"Gia hasa. Likienda mbele utanipa kisogo tena."

Mume wangu akainua uso taratibu, akamtazama, safari hii bila barabara nyuma yake. Mimi niliingia uani nikaliokota beseni langu lililobondeka, nikampa mnunuzi ili asiondoke mikono mitupu. Nguo sasa naanika juu ya boneti.