Choo Kinasubiri, Mawe Hayasubiri

Habari ilinikuta stendi ya Kahama nikisubiri basi la Geita: yule msagishaji mawe wa Kalangalala, ambaye utani wake niliwahi kuuandika hapa kwenye safu hii mkacheka, ametutoka. Watu wanasema aliugua tumbo miezi michache tu. Mimi najua aliugua miaka.

Karashani, mawe ya dhahabu yanaposagwa, mwenye mzigo habanduki mpaka kiroba cha mwisho kiishe. Ukigeuka tu, mawe mazuri yamepungua. Kwa hiyo rafiki yangu alikunywa maji kidogo makusudi, akashindia ugali na soda, na haja ikimbana aliizuia. Siku moja nilimwambia aende, nimlindie mzigo. Akacheka: "Choo kinasubiri, mwanawane, mawe hayasubiri." Zikipita siku nne, tano bila choo, alinunua dawa ya kulainisha choo kwa mchuuzi, kisha akarudi kusimama palepale. Alipoona damu alisema ni bawasiri tu, nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Utani nikauandika, damu nikaiacha.

Msibani mkewe alinivuta pembeni. "Shemeji, daktari aliniuliza alianza lini kukosa choo. Miaka kumi na sita nalala naye, sikuwa na jibu. Wewe ulijua?" Niliinamisha kichwa, naye akaelewa. Akanieleza kuwa uvimbe ulikuwa umeziba utumbo. Daktari hakuapa kwamba choo kigumu ndicho kilichouleta. Alisema tu kwamba choo kikibadilika na damu ikatoka, mtu apimwe mapema, asijitibu kwa kubahatisha. Huku kwetu malaria tunaitaja hata mezani, lakini choo tunakionea aibu hadi kaburini. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilisaidia kuficha.

Tangu siku ile silali vizuri, maana nami nakaa kwenye kiti hiki kutwa, nazuia haja mpaka nimalize aya, na jana ilikuwa siku yangu ya tano bila choo. Asubuhi hiyo nilikwenda zahanati. Muuguzi, umri wa binti yangu, aliniuliza mbele ya foleni nzima: "Shikamoo baba, unasumbuliwa na nini?" Neno "kichwa" lilikuwa tayari mdomoni. Nikalimeza. "Marahaba, mwanangu. Choo. Siku ya tano, na nimeona damu." Mwanamume mwenye vumbi la mawe kwenye nyusi, aliyekuwa nyuma yangu, akasema taratibu, "Hata mimi."

Majibu bado, na ninaogopa. Mhariri amepiga simu mara tatu kuulizia safu hii. Nimemwambia isubiri.