Mlango wa Tano wa Nungunungu

Zamani Pastory hakuweza kulitaja jina la Jeremia bila kwanza kutema mate pembeni. Siku hizi hulitaja bila kutema. Nimeona niandike jambo lililoleta badiliko hilo, kwa sababu siku zote mbili za uwindaji nilikuwepo, na yale nisiyoyaona alinisimulia mwenyewe tukiwa tunamenya muhogo uani kwake.

Kijiji chetu kiko juu ya Mwandiga, mahali ambapo asubuhi isiyo na ukungu unaliona ziwa, na milima ya Kongo nyuma yake. Pastory ana miaka hamsini na sita. Analima muhogo na maharage kama sisi wengine, lakini mtu akikwambia nenda kwa Pastory, anamaanisha shamba lako limeingiliwa na nungunungu. Mnyama huyu hula muhogo ukiwa bado ardhini, hula karanga na maboga, na mche wa mchikichi huukata shinani, akala kiini cheupe na kuuacha umelala. Serikali ya kijiji inaruhusu afuatwe anapoharibu mazao. Watu wa mjini husema anarusha miiba. Harushi. Hurudi nyuma kwa ghafla, akakuchoma kwa mgongo, na miiba ikabaki kwako.

Kazi yenyewe hufanyika mchana, nungunungu akiwa amelala shimoni. Shimo moja huwa na milango mitatu, minne, mara chache zaidi. Wawindaji huziba yote kwa mawe na matawi isipokuwa miwili: mmoja wa kuingizia moshi wa majani makavu na pilipili, na mmoja wa kumngojea kwa wavu na mkuki mfupi. Kwa hiyo kazi yote ni kuijua milango. Ndiyo maana kwetu moto hauwashwi kabla mkuu wa wawindaji hajauliza mara tatu mbele ya wote kama kuna anayeujua mlango mwingine. Anayejua husema, kisha huenda kusimama hapo. Akijua akanyamaza, wazee husema amekula shamba pamoja na nungunungu. Mgawo nao una utaratibu wake: kifua ni cha mwenye shamba, mgongo ni wa aliyechoma mkuki, na ini ni la aliyeonyesha mlango uliojificha.

Kuna desturi nyingine ambayo Pastory aliipenda kuliko hizo. Mwindaji aliyeitwa hulishwa na mwanamke mwenye shamba kabla ya kazi, palepale pembeni mwa shamba, kwa sababu mtu mwenye njaa huharakisha moshi. Kwa miaka ishirini na mitatu Pastory alikula ugali wa wanawake wa kijiji hiki, na wa vijiji viwili jirani, kabla ya jua kupanda. Mke wake, Verediana, alikuwa akimtania kwamba anafuga nungunungu kwa siri ili alishwe.

Jeremia alikuja kwetu miaka miwili iliyopita kuishi na mjomba wake. Kabla ya hapo alikuwa akiendesha bodaboda mjini, mtaa wa Gungu. Ana miaka thelathini na minne, mcheshi, na alikuja na wavu mkuukuu alioupata kwa wavuvi wa Ujiji, ambao aliukunja mara mbili mpaka miiba ikawa haiupasui. Mwaka wake wa kwanza aliitwa mashambani mara kumi na nne. Pastory aliitwa mara tatu.

Wivu wa Pastory haukuwa wa kelele. Jeremia akimaliza kazi mahali, Pastory alikwenda kesho yake peke yake kulikagua shimo. Alitafuta makosa: mawe yaliyowekwa vibaya, pilipili iliyomwagwa bure. Alihesabu miiba iliyoanguka, kwa sababu miiba mingi chini ni dalili kwamba mnyama aliuawa kwa kubahatisha. Aliniambia kwamba mara nyingi aliikuta saba au minane tu. Yeye mwenyewe, akiwa na nguvu zake, alikuwa akiacha ishirini.

Wale wanaume wanne waliokuwa wakifuatana naye walianza kufuatana na Jeremia. Hawakugombana naye. Walimpitia asubuhi wakimwita, naye akawajibu kwamba goti linauma. Baada ya muda waliacha kumpitia.

Hali ilikuwa hivyo nungunungu alipoingia shamba la Verediana.

Novemba Verediana alikuwa amepata miche sitini ya michikichi ya kisasa kupitia kikundi cha akina mama. Aliipanda mwenyewe, akaizungushia majani makavu, na kila mche akaupa nafasi ya hatua tisa. Mgawo mwingine ungekuja baada ya mwaka, kama ungekuja. Kufikia katikati ya Januari miche kumi na tisa ilikuwa imekatwa. Pastory aliweka mitego ya waya, na nungunungu akaipita pembeni. Shimo alilijua, lilikuwa kwenye mteremko chini ya shamba lile. Lakini shimo la milango mingi haliwezi kuwindwa na mtu mmoja, na kuwaomba wale wanne kungekuwa kuwaomba watu wa Jeremia. Kila jioni alisema kesho.

Jumatatu moja Verediana alimwambia, akiwa anachambua maharage, wala hakuinua kichwa.

"Baba Diana, kesho Jeremia anakuja shambani."

"Shambani kwa nani?"

"Kwangu."

Pastory aliniambia kwamba usiku ule hakulala, na kilichomkosesha usingizi hakikuwa miche. Alikuwa akiwaza chakula. Mke wake angeamka alfajiri akampikia mwindaji, na mwindaji huyo si yeye.

Jumanne tulikuwa watu kumi na mmoja. Verediana alitupokea kwa makofi mepesi ya salamu na "Mwakeye" ya Kiha, akatandika majani ya mgomba, akaleta ugali wa muhogo na dagaa waliopikwa kwa mawese. Dagaa wa Jeremia walikuwa ndani ya bakuli la maua. Pastory alilitambua mara moja. Bakuli hilo hutoka kabatini padre akija, na siku ya Krismasi.

"Shemeji," Jeremia akasema mdomo umejaa, "ukinilisha hivi nitawaombea nungunungu wazaliane."

Watu wakacheka. Pastory akasema dagaa wana mchanga. Watu wakaendelea kula.

Walipokwisha kula walishuka kwenye shimo. Milango minne ilionekana. Miwili ikazibwa, mmoja ukawekewa majani ya moshi, na kwenye wa nne Jeremia akafunga wavu wake, akapiga goti na mkuki. Kisha akauliza, kwa adabu zote, kama kuna anayeujua mlango mwingine.

Ulikuwepo wa tano. Ulikuwa chini ya kichuguu, hatua kama thelathini kando, umefunikwa na nyasi ndefu. Pastory alikuwa ameujua kwa miaka mingi. Jeremia aliuliza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na zote tatu Pastory alinyamaza, mikono nyuma. Moto ukawashwa.

Tulingoja. Moshi uliingia vizuri, lakini kwenye wavu hakikuja kitu. Kisha mtu mmoja akanyoosha kidole: nyasi ndefu za kando zilikuwa zinatikisika. Tulipogeuka, mgongo mweusi wenye miiba ulikuwa tayari unapotelea kwenye muhogo wa jirani; moshi ulikuwa umetanda juu ya nyasi zote, na mlango aliotokea hatukuuona.

Mzee Nikodemu, ambaye hajui kumhurumia mtu, akasema, "Bodaboda imekosa breki."

Tukacheka, na Jeremia naye akacheka, akianza kukunja wavu wake. Pastory alicheka pia. Alicheka kwa sauti kuliko wote, na alikuwa bado anacheka sisi tulipokwisha nyamaza. Hapo ndipo Verediana alipogeuka na kumtazama.

Usiku huo miche minne ilikatwa. Usiku uliofuata ikakatwa saba. Alhamisi asubuhi Pastory alitoka nje akakuta miche yote kumi na mmoja imelazwa kwa mstari mbele ya kigoda chake, mashina yakiwa yamemwelekea. Verediana alikuwa anafagia. Alifagia mpaka akafika kwenye mstari ule, akasimama.

"Mwaka ule tulipolima karanga pale chini," alisema, "ulinishika mkono ukanionyesha lile shimo la kichuguu. Ukaniambia nisipite pale na mtoto mgongoni. Sikusahau, Baba Diana."

Pastory akausogeza mguu wake mbali na miche.

"Sijamwambia mtu, na sitamwambia. Jumamosi wanarudi. Utaulizwa tena." Akaendelea kufagia, akaizunguka miche bila kuigusa.

Ijumaa alfajiri Pastory alishuka peke yake kwenye kichuguu. Alikuwa amepata njia ya kujiokoa: angeuziba mlango wa tano kimyakimya, kesho nungunungu angetokea kwenye wavu, miche ingepona, na hakuna ambaye angejua lolote. Alikuwa amekwisha beba jiwe la kwanza alipoona nyayo mbichi kwenye vumbi la mlango ule, na mwiba mmoja mpya. Mnyama alikuwa amerudi, na tangu Jumanne alikuwa akiutumia mlango uliomwokoa. Kila mwindaji anajua kwamba mlango unaotumika hauzibwi siku moja kabla. Usiku angechimba mwingine, na huo wa sita asingeujua hata Pastory. Mlango kama huo husimamiwa na mtu. Aliliweka jiwe chini, akakaa juu yake mpaka jua likatoka.

Jumamosi tulikuja tisa. Chakula kilikuwa kilekile, na bakuli lilikuwa lilelile. Shimoni Jeremia alifunga wavu, akauliza mara ya kwanza. Akauliza mara ya pili. Verediana alikuwa amesimama juu ya mteremko, kanga ameikaza kiunoni, macho yake yako kwenye ziwa kule mbali. Akauliza mara ya tatu.

"Upo mmoja," Pastory akasema. "Chini ya kichuguu."

Mzee Nikodemu akageuka kumtazama. Pastory alipokea kipande cha wavu na rungu, akatembea hatua zile thelathini, goti likimuuma kwelikweli safari hii, akalala kifudifudi kwenye nyasi.

Aliyoyasikia pale aliyasikia peke yake. Moshi ulipoingia, miiba ilianza kuchakarisha chini ya ardhi, ikaja upande wake, karibu, karibu zaidi, mpaka akasikia mnyama akipumua. Nungunungu akafika mdomoni mwa shimo, akanusa harufu ya mtu, akasimama. Kisha akageuka. Muda si muda upande wa pili watu walipiga kelele za furaha, na kelele zote zilikuwa za jina moja.

Alipofika, mnyama alikuwa ameshatulia ndani ya wavu, mkuki umeingia nyuma ya sikio. Pastory alitazama chini. Miiba mitano.

Jeremia alipasua, akagawa. Kifua akampa Verediana, mgongo akajiwekea. Ini akalifunga kwenye jani la mgomba, akamkabidhi Pastory kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Pastory aliniambia kwamba alitamani kulikataa. Alilipokea.

Jioni Verediana alilipika kwa vitunguu na mawese, akalikata mara mbili. Nusu moja aliiweka kwenye sahani ya mumewe. Nusu ya pili aliitia kwenye lile bakuli la maua, akalifunika.

"Hii ni ya Jeremia. Jumanne alipoteza mnyama, na si kwa kosa lake."

"Nani ataipeleka?"

Verediana akageukia kuosha sufuria. Pastory akalichukua bakuli.

Alimkuta Jeremia nje kwa mjomba wake, anarekebisha wavu. Jeremia akamwamkia shikamoo, akampisha kigoda, yeye akakaa kwenye jiwe. Pastory aliliweka bakuli magotini, akasema.

"Jumanne nilikuwa naujua."

"Najua, mzee. Kila nilipouliza ulikuwa unatazama kichuguu."

"Mbona hukuweka mtu pale?"

Jeremia aliuvuta uzi, akaukata kwa meno. "Ningeweka mtu bila wewe kusema, ningekuwa nimekuita mwongo mbele ya mkeo. Shamba ni lake. Nikaona nungunungu atarudi, lakini neno kama hilo halirudi."

Pastory alikubali kwangu kwamba hapo alimwonea wivu kuliko siku zote. Kushindwa kwa wavu alikuwa amekuzoea. Alikuwa hajawahi kufikiria kwamba kijana wa bodaboda anaweza kumshinda hata kwa kunyamaza: yeye alinyamaza ili mwenzake aaibike, mwenzake akanyamaza ili yeye asiaibike.

Jeremia alikula, akapangusa bakuli kwa tonge la mwisho, akalisuuza na kulirudisha. Akasema amwambie shemeji kwamba ini halijawahi kupikwa vizuri hivyo, na kwamba mkono wake hauna mfano hapa kijijini.

Sasa wawili hao huwinda pamoja, na kwenye shimo gumu Jeremia humwachia Pastory kuuliza swali. Miche ya Verediana iliyobaki ni thelathini, na imefika magotini. Lakini jioni ile, Pastory aliporudi nyumbani na bakuli tupu, Verediana alimuuliza Jeremia amesemaje.

"Amesema chumvi haikutosha," Pastory akajibu, akaenda kulala.

Zile salamu za ini hadi leo hazijafika.