Mama Kola afumua mashati ya wivu wake

Saa nne asubuhi, wembe wa Mama Kola unapita kwenye mshono wa kwapa la shati la tano. Anakata uzi mmoja, anaruka tatu, anavuta. Mkono wa kulia unaachia. Anaugeuza kutafuta namba ya chaki, kisha anauweka kwenye rundo lake.

"Kufumua hakutaki pupa," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiteleza, umetoboa kitambaa."

Mashati ni ishirini na manne, sare za shule. Mikono hakuiunga yeye. Aliyeiunga ni wifi yake, mke wa kaka yake, anayekaa cherehani ya jirani. Aliyeyaharibu mashati ni Mama Kola.

Jina hilo walimpa mafundi wenzake, kwa kuwa kola zote humwangukia yeye. Kola moja ni dakika kumi na mbili. Kuunga mikono ya shati ni dakika tano, na malipo ni yale yale. Kila asubuhi mkataji, wanayemwita Fundi Mkasi, hugawa mafurushi. Kwa miezi saba, mikono ilikwenda kwa wifi.

"Mimi ndiye niliyemleta hapa. Nilimfundisha hata kutunga uzi," anasema. "Leo saa tisa yeye anajipaka mafuta anaondoka, mimi mgongo unawaka. Jioni kaka yangu ananiuliza, 'Mbona mwenzako hachoki?' Wivu ulinikaba, sikufichi."

Wiki iliyopita kitambaa kilitoka kwenye majora mawili ya buluu. Ndani ya chumba, chini ya taa, rangi ni moja. Juani zinaachana. Ndiyo maana kila kipande huandikwa namba, ili shati lisichanganye majora.

Wifi alipokwenda kunywa chai, Mama Kola alifuta namba kwenye mikono ya kulia, akaandika nyingine.

"Nilijua kazi ikirudi tunachelewa wote, na mimi nimo. Sikujali. Nilipomwona anashona huku anaimba, nikasikia raha. Kama maji ya baridi wakati wa kiu."

Raha hiyo si yake peke yake. Wachunguzi wa ubongo wamewahi kuona kwamba mtu anapomwadhibu aliyemtendea visivyo haki, huchangamka sehemu ile ile inayochangamka anapopata kitu alichokitamani. Huwa hivyo hata kama adhabu inamgharimu mwenyewe.

Mama Kola anasikiliza maelezo hayo hadi mwisho, wembe ukiwa hewani.

"Kumbe. Lakini huo ubongo mbona haukuniambia nani atakuja kufumua?"

Mteja aliyatandaza mashati juani, mlangoni. Kila moja lilikuwa na mkono mmoja usiolingana rangi. Fundi Mkasi alimfokea wifi mbele ya wote. Wifi aliyashika, akayatazama, akasema taratibu, "Labda macho yangu yameanza kuchoka."

"Hapo raha ikakatika," anasema Mama Kola. "Aliyegawa mafurushi ni Mkasi. Mimi nikamchapa aliyepokea."

Alisema ukweli palepale. Fundi Mkasi akaamua Mama Kola afumue yote peke yake. Wifi akasema amemsamehe, na mafundi wakampigia makofi.

"Unaona? Hata kusamehe kanitangulia. Miaka tisa niko hapa, nani amewahi kunipigia makofi?"

"Wifi, nakusikia," sauti inatoka cherehani ya jirani.

"Sikia. Sijakuteta, nasimulia."

Fundi Mkasi, anayepanga vitambaa mezani, anakiri kwamba hakuwahi kupima dakika. "Huyu halalamiki, nikadhani anapenda kola."

"Nani anapenda kola?" Mama Kola anamrukia.

Kuanzia kesho mafurushi yatapigiwa kura. Ni wazo la Mama Kola, na tayari ameandika namba kwenye vipande sita vya kitambaa, akavitia ndani ya kopo la vifungo, kila fundi achote kimoja.

Na kola zikimwangukia tena?

"Nitashona. Ninachomwomba Mungu ni kuiona siku moja tu, zimwangukie yeye. Mimi nijipake mafuta saa tisa."

Wifi anacheka mpaka cherehani inasimama.

Jioni yamebaki mashati matano. La ishirini limefumuliwa nusu, mkono unaning'inia kwa nyuzi chache. Mama Kola anachomeka pini pale alipofika na kulikunja. Akifika mlangoni anarudi, analichukua kopo la vifungo na kulitia mkobani mwake.

"Sina shaka na mtu," anasema. "Ila litalala kwangu."