Mama Rejeta na Twiga Wenye Kiu

Mama Rejeta alianza kwa kuosha magari ya wageni na kujaza maji rejeta za watu, mpaka akanunua gari lake kuukuu na kuingia mbugani kama dereva wa kutembeza wageni. Asubuhi hiyo alimbeba mzee mmoja muuza vitambaa, aliyekuwa akitafuta dereva wa kumtegemea kila likizo, yeye na ukoo wake wote.

"Twiga akila nimemwona mpaka nimechoka," alisema mzee. "Nataka nimwone akinywa. Jana shemeji yako kanizungusha kutwa, sikuona kitu. Ukinionyesha, kazi ni yako. La sivyo narudi kwake, gari lake angalau lina viti laini."

"Viti havinywi maji, mzee wangu."

Bwawani magari yalikuwa yamebanana. Shemeji, mdogo wa mumewe, alikuwa ameegesha mbele kabisa, pua ya gari nusura iguse maji.

"Shemeji, umechelewa! Kalale!" alimpigia kelele Mama Rejeta.

Twiga walikuwepo, wamesimama mbali kama nguzo za umeme. Twiga hana pupa na maji, majani ya mgunga humtosha siku kadhaa. Tena kuinama kwake ni shughuli: mpaka atanue miguu ya mbele, ashushe shingo yote ile, na akiwa hivyo hawezi kutimua mbio upesi. Akiwa na shaka, huondoka na kiu yake.

Mama Rejeta hakutazama maji. Alitazama macho ya twiga. Wote walikikodolea kichaka kimoja ng'ambo ya bwawa, masikio mbele. Kila dereva anajua maana yake, ila waliowahi nafasi za mbele walikuwa wamewapa twiga mgongo.

Akashika redio ya gari. "Jamani, simba yuko kichaka cha ng'ambo."

Mzee aliruka kitini. "We mama! Simba unamgawa bure?"

"Bure iko wapi? Wao wachukue simba, mimi wananiachia bwawa."

Magari yakatimka, Shemeji akiongoza. Simba jike akainuka, akajinyoosha kwa dharau, akashika njia ya bondeni na msafara nyuma yake. Twiga walimsindikiza kwa macho mpaka akatoweka. Mama Rejeta akarudi nyuma, akazima injini. Wakangoja hadi mzee akaanza kusinzia.

"Amka, baba."

Twiga mmoja alisogea, akasita, akasogea tena. Akatanua miguu kama meza inayotaka kuvunjika, akanywa, wenzake wakishika zamu shingo juu. Kisha akakiinua kichwa kwa kishindo, maji yakaruka.

"Kumbe madaha yote yale huishia hapa!" Mzee alicheka, kamera kaisahau mapajani. "Haya, kazi yako. Lakini likizo tunakuja wengi, gari moja halitutoshi."

Mama Rejeta akashika redio tena. "Shemeji, simba umemwona?"

"Mkia tu!"

"Pole. Nina kazi ya likizo nzima, nataka gari la pili. Sharti ufuate nyuma yangu, nikisimama usimame."

"Yaani mimi nile vumbi lako?"

"Ukitaka, nikuchujie."

"Acha, shemeji. Nitalila hivyo hivyo."